Kumwandaa kijana kwa mtihani wa UACE: mwongozo kamili kwa mzazi na mlezi nchini Uganda

Nchini Uganda kijana hufunguliwa mlango wa chuo kikuu na cheti cha UACE, yaani mtihani wa kidato cha sita unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, kila mwaka kuanzia Novemba. Zipo kozi chache, hasa za sheria, ambazo vyuo huziwekea mtihani wa ziada, lakini hata mtihani huo humfaa tu aliyekwisha kupata cheti. Kwa hiyo maandalizi huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa siku mtoto anapochagua masomo ya kidato cha tano.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi ambaye huenda hakufika kidato hicho na hawezi kumsahihishia mwanawe fizikia. Mzazi wa namna hiyo ana kazi kubwa ambayo mwalimu mwenye darasa la watoto sabini hawezi kumfanyia: kupiga hesabu ya pointi, kupanga muda, kutafuta karatasi za mitihani iliyopita, na kulinda usingizi wa mtahiniwa.

Hatua ya kwanza: Ielewe hesabu ya pointi

Kila mtahiniwa hufanya masomo makuu matatu, Jenero Pepa (karatasi ya insha na maarifa ya jumla), na somo dogo moja, ambalo ni Hesabu Ndogo au Teknolojia ya Habari. Kwa utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, daraja A katika somo kuu lina pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2, O pointi 1, na F haina kitu. Jenero Pepa na somo dogo hutoa pointi moja moja kwa aliyefaulu. Ndiyo maana upeo wa alama ni 20, yaani 18 za masomo makuu na 2 za yale madogo. Ili kuingia kozi ya shahada, kijana anatakiwa awe amefaulu angalau masomo makuu mawili katika kikao kimoja cha mtihani, na awe na cheti cha UCE, yaani cha kidato cha nne, chenye masomo yasiyopungua matano aliyofaulu.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapoishia, na hapo ndipo wanapokosea. Vyuo vikuu vya umma havijumlishi pointi hivi hivi, bali huyapa masomo uzito kulingana na kozi iliyoombwa. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana nayo kwa 2, linalopendelewa kwa 1, na mengineyo kwa nusu. Alama za UCE nazo huongezwa kwa kiwango kidogo, na wasichana wamekuwa wakiongezewa pointi 1.5 tangu Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha utaratibu huo mwaka 1990.

Tuchukue kijana anayetaka udaktari, kozi ambayo Biolojia na Kemia ndiyo masomo yake ya lazima, Fizikia ni somo linalohusiana nayo, na masomo madogo ni ya kupendelewa. Amepata A ya Biolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia, akafaulu na masomo yote mawili madogo. Biolojia inampa 18, Kemia 15, Fizikia 8, na yale madogo 2, jumla 43. Mwenzake amepata madaraja yale yale lakini yamebadilishana viti: Fizikia A, Kemia B, Biolojia C. Huyu anapata 12 za Fizikia, 15 za Kemia, 12 za Biolojia na 2 za madogo, jumla 41. Kwenye cheti wote wawili wana pointi 17, na majirani watawapongeza sawasawa, ilhali mbele ya bodi ya udahili wamepishana kwa pointi mbili nzima, na kozi ya udaktari hufungwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kaa na mwanao, mchukue karatasi, mwandike kozi tatu anazozitamani, kisha mbele ya kila moja muandike masomo yake ya lazima. Vyuo hutangaza orodha hizo, na mwalimu wa ushauri shuleni huwa nazo. Zoezi hili la jioni moja litawaonyesha ni somo gani linalostahili saa nyingi zaidi kwa wiki, na ni lipi linaloweza kubaki na C bila hasara kubwa.

Hatua ya pili: Kagua kombinesheni na usajili

Kombinesheni, yaani mkusanyiko wa masomo makuu matatu, hubadilishwa kwa urahisi katika wiki za mwanzo za kidato cha tano, na baada ya hapo kila wiki inayopita inaongeza deni la mada ambazo mtoto hajazisoma. Ukiona kijana amechukua Fizikia, Kemia na Hisabati kwa kuwa rafiki zake wote wamezichukua, huku UCE yake ikionyesha kwamba nguvu zake ziko kwenye Historia na lugha, sema naye mapema. Kwa watoto waliokulia kwenye Kiswahili, iwe Bombo, Arua, Busia au mitaa ya Kampala, Kiswahili kama somo kuu ni hazina ambayo familia nyingi huidharau. Tahadhari yake ni moja: mtoto anayekizungumza nyumbani hudhani amekwisha kufaulu, kisha anaangushwa na sarufi na fasihi, ambazo hazijifundishi zenyewe barazani.

Wale waliofanya UCE ya mwaka 2024, iliyokuwa ya kwanza chini ya mtaala mpya unaozingatia umilisi, ndio wanaofika kidato cha sita mwaka 2026. Hawa wamezoea maswali yanayoanza na tukio la maisha na kumtaka mtahiniwa atumie maarifa yake kulitatua. Mzazi aliye na mtoto wa kundi hili aombe shuleni mifano ya maswali ya mtindo huo, kwa sababu marundo ya pamfleti za zamani yanayouzwa madukani yatamsaidia kwa mada, lakini si lazima yamsaidie kwa namna ya kujibu.

Usajili wa UNEB hufanyika katika nusu ya kwanza ya mwaka wa kidato cha sita. Anayechelewa hutozwa zaidi, na anayezembea kabisa husubiri mwaka mwingine. Shule inapotoa orodha ya majina ili watahiniwa waihakiki, usimwachie mtoto peke yake. Jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha UCE na kwenye kitambulisho cha taifa. Katika familia zetu za Kiislamu jambo hili lina mtego wake, maana kijana mmoja anaweza kuwa Muhammad msikitini, Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa na Mohammed kwenye kadi ya shule. Kalamu ya dakika moja wakati wa uhakiki inaokoa miezi ya kuzunguka ofisini baada ya matokeo. Hakikisha pia masomo na karatasi zote zimeandikishwa.

Ikiwa mtoto alisoma sekondari ya chini Kenya, Kongo au kwingineko, cheti chake kinapaswa kupelekwa UNEB kilinganishwe, ili kitambulike kuwa sawa na UCE. Shughulikieni jambo hilo angali kidato cha tano.

Hatua ya tatu: Kusanya karatasi sahihi

Mtahiniwa anahitaji vitu vitatu mezani: muhtasari wa mtaala wa kila somo, karatasi za UNEB za miaka iliyopita, na ripoti ya watahini kuhusu kazi za watahiniwa. Muhtasari hutoka kwa Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, NCDC, na unamwezesha mtoto kuona mada ambazo mwalimu hajazigusa. Karatasi za zamani ni rahisi kuzipata. Ripoti ya watahini ndiyo inayosahaulika, ingawa UNEB huiandaa kwa ajili ya shule na ndani yake watahini hueleza, swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi. Mwambie mwanao amwombe mwalimu wa somo amruhusu kunakili kurasa za masomo yake. Mwalimu atafurahi kwamba kuna mtu anaziulizia.

Hatua ya nne: Badilisha namna ya kusoma

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Kijana wa kidato cha sita kwa kawaida husoma kwa kurudia daftari lake, akipiga mistari ya rangi chini ya sentensi, na anaposhikwa na usingizi anaamini kwamba amefanya kazi. Kurudia kusoma kunamfanya azoee sura ya maneno, na mtihani hauulizi kama anazikumbuka sura. Unamtaka ayatoe maelezo kichwani mwake, kwa maandishi, saa ikikimbia. Kwa hiyo akikwambia, "Mama, nimesoma Kemia usiku kucha," mjibu kwa upole, "Vizuri, mwanangu, nionyeshe ulichoandika." Akikosa cha kuonyesha, usiku ule ulipotea.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Achague mada moja na kuisoma kwa muda wa saa moja au pungufu. Afunge daftari na kuandika kwenye karatasi tupu kila anachokumbuka, kisha afungue na kujaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho yake ajibu swali moja la UNEB la mada hiyo bila kuangalia popote. Baada ya wiki airudie mada hiyo kwa swali jingine.

Mzazi anaweza kushiriki hata bila elimu ya somo lenyewe. Mwambie mtoto akueleze mada kwa Kiswahili huku unapepeta mchele au unasubiri chai ichemke. Mtihani wake ni wa Kiingereza, lakini kijana anayeweza kumweleza shangazi yake kwa lugha ya nyumbani kwa nini bei hupanda fedha zinapozidi sokoni ameielewa mada. Yule anayekariri sentensi za Kiingereza tu ataduwaa mara swali litakapogeuzwa kidogo.

Kisha kuna saa. Karatasi ya saa tatu yenye alama 100 inatoa chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama, hivyo swali la alama 12 lisile zaidi ya dakika 21 hivi. Watoto wengi wenye akili huanguka kwa sababu walitumia dakika 50 kulipamba swali walilolipenda, wakaliacha la mwisho tupu. Weka saa mezani, siyo simu, na mara moja kwa wiki katika likizo afanye karatasi nzima kwa muda kamili, asubuhi, akiwa amekaa kitini bila kuinuka. Wadogo zake waambiwe wakacheze kwa jirani.

Kila karatasi iliyosahihishwa izae kurasa katika daftari la makosa. Daftari hili ligawanywe safu tatu: swali, kosa, na sababu ya kosa. Safu ya tatu ndiyo yenye faida, na kijana atajaribu kuikwepa kwa kuandika "nilisahau" au "sikuwa makini". Usiikubali lugha hiyo. Katika Kemia, kwa mfano, aandike kwamba alipokuwa akitafuta idadi ya moli hakugeuza sentimita za ujazo 25 kuwa desimita za ujazo 0.025, jibu likatoka kubwa mara elfu. Katika Historia aandike kwamba swali liliuliza "kwa kiasi gani" naye akaeleza sababu moja tu iliyotajwa, bila kutoa msimamo wake wala kupima sababu nyingine. Baada ya kurasa kumi makosa huanza kujirudia, na mtaona wenyewe kwamba kijana hana makosa mia. Ana makosa manne au matano yanayovaa nguo tofauti. Daftari hilo ndilo asome wiki ya mwisho kabla ya mtihani, si pamfleti mpya.

Jenero Pepa isidharauliwe

Kwa kuwa Jenero Pepa ina pointi moja tu, watahiniwa huiacha hadi wiki ya mtihani, na wengine huikosa pointi hiyo. Karatasi yenyewe kwa mtindo uliozoeleka ina sehemu mbili: insha juu ya jambo la jamii, na swali la ufahamu au la takwimu. Hapa nyumba ina nguvu kuliko shule. Sikilizeni taarifa ya habari pamoja, kisha muulize kijana aziseme pande zote mbili za hoja: ukataji wa misitu na mkaa wa kupikia, ajira za vijana na bodaboda, madeni ya taifa, wakimbizi katika Nile Magharibi. Uganda huwahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na kijana wa Arua anayewaona kila siku ana mifano hai ambayo mwenzake wa mbali ataisoma vitabuni tu. Kila wiki aandike insha moja yenye msimamo, hoja zilizopangwa na mifano ya hapa nchini. Kwa upande wa takwimu, hesabu zake ni za wastani, asilimia na chati, na kijana wa masomo ya sanaa aliyeiogopa hisabati tangu kidato cha pili atahitaji mazoezi machache ya subira.

Mtihani wa maabara

Kwa masomo ya sayansi, karatasi ya maabara huinua au hushusha daraja zima. Alama nyingi hupatikana kwenye mambo yasiyohitaji akili ya ajabu: jedwali lenye vizio, vipimo vilivyoandikwa kwa desimali zinazolingana, grafu yenye kichwa na mihimili iliyotajwa, na mteremko uliopatikana kwa pembetatu kubwa. Ulizia kwa heshima ni mara ngapi watoto wanaingia maabara. Ikiwa shule haina vifaa vya kutosha, zungumzeni wazazi kwa pamoja na mkuu wa shule kuhusu kutumia maabara ya shule jirani wakati wa likizo ya muhula wa pili au siku za semina za pamoja.

Hatua ya tano: Mtihani wa moko na siku ya kumtembelea mtoto

Mtihani wa majaribio, ambao wanafunzi huuita moko, kwa kawaida hufanyika kuelekea mwisho wa muhula wa pili. Husahihishwa kwa ukali, mara nyingine kwa makusudi, hivyo usilipokee daraja lake kama hukumu. Kitu chenye thamani ni karatasi zenyewe zilizosahihishwa. Mtoto azidai, azirudishe nyumbani, na kila kosa liingie kwenye daftari.

Kwa mtoto wa bweni, siku ya kutembelea watoto ndiyo nafasi pekee ya mzazi kufanya kazi hii, na wengi huimaliza kwa kuku wa kukaanga, soda na picha. Chakula kiwepo, lakini tengeni nusu saa ya karatasi. Badala ya kumuuliza amekuwa wa ngapi darasani, mwambie akuonyeshe swali alilolikosa mwezi uliopita na ambalo sasa analiweza. Mtembelee mwalimu mmoja tu, yule wa somo la lazima lililo dhaifu, umuulize mtoto afanye nini katika wiki sita zinazofuata.

Usingizi, simu na ada

Kuna shule zinazowaamsha watahiniwa saa kumi alfajiri na kuwaachia saa tano usiku, na wazazi huzisifu kwa bidii. Mimi sizisifu. Kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa nane au zaidi, na kilichosomwa mchana hukaa kichwani kwa msaada wa usingizi wa usiku unaofuata. Akiwa nyumbani, alale saa nne usiku na aamke saa kumi na mbili. Umeme unapokatika, taa ya sola iwe imechajiwa tangu mchana, ili asisome kwa mshumaa akachosha macho na kuhatarisha nyumba. Simu ikabidhiwe kwa mzazi saa za kusoma. Ubaya wake hauko kwenye picha na muziki peke yake, maana hata makundi ya masomo humfanya kijana akusanye mamia ya faili ambazo hatafungua hata moja.

Ada ilipwe kwa mpango. Mtahiniwa anayerudishwa nyumbani wiki mbili katika muhula wa tatu hupoteza zaidi ya kile ambacho mwalimu wa ziada ataweza kukirudisha. Kama fedha ni ngumu, mwende kwa mhasibu wa shule kabla ya muhula kufunguliwa, mkubaliane awamu kwa maandishi.

Hatua ya sita: Wiki za mtihani

Kabla ya mitihani kuanza, shule huwakusanya watahiniwa na kuwasomea kanuni za UNEB. Mtoto asikose kikao hicho. Bandikeni ratiba ukutani na mzungushie duara siku zenye karatasi mbili. Karatasi nyingi za asubuhi huanza saa tatu na za mchana saa nane. Anayetoka nyumbani apatane na bodaboda mmoja anayeaminika tangu jana yake, tena aondoke mapema kwa hesabu ya mvua za Novemba. Usiku afungashe kalamu mbili au tatu, penseli, rula, seti ya jiometri, kikokotoo kisichopokea programu, na kitambulisho cha shule. Asubuhi ale alichozoea. Siku ya mtihani si ya kujaribia chakula kipya.

Watatokea watu kwenye WhatsApp na Telegram wakiuza "karatasi halisi". Wengi wao ni matapeli wanaouza karatasi za miaka ya nyuma zilizobadilishwa tarehe. Hata ikitokea ya kweli, UNEB hufuta matokeo ya waliohusika na sheria inaadhibu udanganyifu kwa faini na kifungo. Mzazi anayempa mtoto fedha za "karatasi" anamnunulia kesi.

Karatasi ikiisha, imeisha. Msikae jioni kukokotoa alama alizopoteza asubuhi, kwa kuwa kesho kuna somo jingine.

Hatua ya saba: Baada ya karatasi ya mwisho

Matokeo ya UACE hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Huweza kupatikana kwa kutuma ujumbe wa simu wenye neno UACE na namba ya mtahiniwa kwenda 6600. Kipindi cha kusubiri kinafaa kwa kazi tatu. Kwanza, fuatilieni matangazo ya Bodi ya Pamoja ya Udahili ya Vyuo Vikuu vya Umma, PUJAB, kuhusu nafasi zinazolipiwa na serikali, ambazo zimegawanywa kati ya ushindani wa kitaifa, mgawo wa wilaya, wanamichezo na watu wenye ulemavu. Kijana asome mgawo wa wilaya yake vizuri, na asiishie kuitazama Makerere peke yake, kwa kuwa Muni iliyoko Arua, Gulu, Busitema na Mbarara zina kozi nzuri.

Pili, anayetaka sheria Makerere ajiandae kwa mtihani wa awali wa shule ya sheria, wenye maswali ya kuchagua jibu, ambapo alama ya kufaulu imekuwa 50 kwa mia. Hupima lugha, mantiki, maarifa ya jumla na hesabu ndogo, na wapo waliopata pointi 19 za UACE wakaushindwa kwa kudhani hauna haja ya mazoezi. Asome magazeti kila siku na afanye mazoezi ya mantiki kwa kupimiwa muda.

Tatu, andaeni fedha. Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESFB, imekuwa ikitoa mikopo tangu mwaka 2014, nayo hulipia ada ya masomo na ada za uendeshaji, wala hailipii malazi. Kwa chuo cha binafsi, hakikisheni kwanza kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, maana chuo kinaweza kuwa na kibali huku kozi fulani ikiwa haina. Mwenye somo kuu moja tu hawezi kuunganisha na jingine la mwaka mwingine ili kutimiza mawili. Atachagua kati ya kurudia mtihani wote na kuanza na stashahada, na stashahada nzuri humfikisha shahadani baadaye. Uamuzi huo ufanywe ndani ya wiki mbili baada ya matokeo, kabla nafasi za vyuo vya ufundi na ualimu hazijajaa na shule hazijafunga usajili wa wanaorudia.